Kashmir na Nyuzi Tatu za Kulegezwa

Katika vitabu vingi vya kujifunzia gitaa, na katika vinywa vya walimu wengi wa ala hiyo, imekaa kauli moja iliyorudiwa hata ikawa kama sheria: kwamba namna ya kulinganisha nyuzi ni jambo la pembeni, na kwamba wimbo wowote uliotungwa juu ya mlingano usio wa kawaida waweza kuhamishiwa kwenye mlingano wa kawaida pasipo hasara. Kauli hiyo ndiyo inayompa mwanafunzi "Kashmir" ya njia ya mkato. Hupewa wimbo wa kundi la Led Zeppelin wa mwaka 1975, akaoneshwa pa kuweka vidole kwenye gitaa lake kama lilivyotoka dukani, akaupiga, jirani wakautambua, naye akaondoka akiamini kwamba ameujua. Hajaujua. Amejua muhtasari wake.

Wapenzi wa ushairi hawana haja ya kuelezwa sana tofauti hiyo. Lau mtu angeuchukua utenzi, ambao kila kipande chake kina mizani 8, akaupanga upya katika mishororo ya mizani 16 kwa kujaziajazia maneno, kisa kingebaki, na hata vina vingeweza kuokolewa. Lakini aliyezoea kuusikia utenzi ule ukighaniwa angejua tangu ubeti wa kwanza kwamba pumzi yake imeondoka. Hapana malenga ambaye angekubali kuambiwa kwamba huo ni utenzi ule ule. Gitaa nalo lina mizani yake, na mizani hiyo huwekwa kabla ya kidole cha kwanza kugusa shingo. Kwa nini basi lifanyiwe dhuluma ambayo utenzi haufanyiwi?

Hapana budi kueleza jambo lenyewe lilivyo, maana wanaolipuuza aghalabu hawajapata kulijaribu. Gitaa lina nyuzi 6. Kuanzia mnene, ambao kwa hesabu huitwa wa 6, hadi mwembamba, ambao ni wa 1, nyuzi hizo kwa kawaida hukazwa zitoe E, A, D, G, B na E. Mlingano huu umeenea kiasi cha kudhaniwa kuwa ni umbile la gitaa. Si umbile, ni mapatano ya wapigaji. Kwa ajili ya "Kashmir" nyuzi tatu hulegezwa, kila uzi kwa sauti nzima moja: wa 6 hushuka kutoka E hadi D, wa 2 kutoka B hadi A, na wa 1 kutoka E hadi D. Nyuzi tatu za katikati haziguswi. Kinachobaki ni D, A, D, G, A, D, na wapigaji wa Kiingereza wamezishika herufi hizo wakazitamka kama neno moja: dadgad.

Mtu akizipitishia kidole nyuzi zote sita bila ya kubana hata mmoja, husikia D mara tatu, A mara mbili na G mara moja. Inayokosekana ni sauti ya tatu, ile ambayo katika muziki wa Ulaya hukata hukumu: ikiwa kamili wimbo huchangamka, ikishuka nusu wimbo huingia huzuni. Hapa hakimu hayupo. Wimbo hausemi kuwa una furaha wala kuwa una majonzi. Umesimama tu, mpana na wazi, kama bahari kabla ya upepo kuamua utakotokea. Tena nyuzi mbili jirani, G na A, zimekaribiana kwa sauti nzima moja tu, na zikilia pamoja husuguana kidogo, msuguano ambao sikio huanza kwa kuustukia na kisha huutamani. Mambo haya mawili hayaletwi na mkono wa mpigaji. Yamo ndani ya gitaa tayari, yakimngoja.

Jimmy Page, mpiga gitaa wa kundi hilo, alikijenga kile kipande kikuu cha "Kashmir" juu ya hali hiyo. Chini kuna D isiyoondoka. Juu yake sauti moja hupanda ngazi fupi kwa nusunusu: A, kisha A iliyopandishwa nusu, kisha B, kisha C, halafu huanza tena. Hakuna zaidi ya hayo. Lakini nguvu ya kupanda huko hutokana na kutopanda kwa ile D. Anayetazama jahazi likiondoka hujua kuwa linakwenda kwa sababu ufuko umebaki palepale.

Sasa mwanafunzi wa njia ya mkato apewe gitaa lake lenye mlingano wa kawaida, aambiwe alete hayo. Sauti ya chini kabisa ya gitaa hilo ni E. Ile D nene ya wimbo iko chini yake, na haipo popote kwenye shingo, juu wala chini. Hili si suala la ladha ya mtu wala la unazi wa mapokeo, ni hesabu. Atakachofanya ni kuazima D ya juu zaidi, ile ya uzi wa 4, na jengo zima likawa limenyanyuliwa kutoka kwenye msingi wake. Baadhi ya walimu, wakibanwa na hoja hii, husema basi na ulegezwe ule uzi wa 6 peke yake. Vyema, lakini aliyekwisha kuulegeza mmoja amekwisha kukiri kwamba mlingano ni sehemu ya wimbo, na ubishi uliobaki ni wa uvivu wa kuzigeuza zile mbili nyingine.

Na liko jambo la mapigo, ambalo kwa wasomaji waliozoea kuhesabu mizani ni tamu kuliko yote. Kipande cha gitaa huzunguka kwa tatu tatu, ilhali ngoma ya John Bonham inakwenda kwa nne nne, nzito, bila ya pupa. Kila mmoja anashika njia yake na hakuna anayemsubiri mwenziwe. Hukutana tena baada ya mapigo 12. Kwa hiyo msikilizaji huwa anavutwa na hesabu mbili kwa wakati mmoja, na ndiyo maana wimbo wenye sauti chache hivyo waweza kuendelea kwa zaidi ya dakika 8 bila ya kuchosha. Mpigaji ambaye vidole vyake vimeshughulika kuitafuta D isiyokuwapo hana nafasi ya kuzisikia hesabu hizo mbili. Anayeiacha D ijilie yenyewe, kwa uzi ulio wazi, mkono wake huwa huru kuhesabu. Hiyo ndiyo faida ambayo vitabu vya njia ya mkato humnyima mwanafunzi, huku vikidai kumrahisishia.

Kuna kambi ya pili ya wapinzani, nayo ina kiburi zaidi. Hawa husema kwamba kulegeza nyuzi ni ulaghai: mpigaji wa kweli huyapata yote kwa vidole vyake kwenye mlingano mmoja, na anayegeuza nyuzi anatafuta wepesi. Kauli hii ingestahili heshima lau ingetoka kwa watu waliowahi kumtazama mpiga kanuni katika kikundi cha taarabu. Kabla ya wimbo, na hata katikati yake, mkono wake hupita upesi upesi kwenye vile vijichuma vilivyo pembeni mwa nyuzi, akiinua hiki na kukilaza kile, ili kanuni iingie katika makamu ya wimbo unaokuja. Mpiga udi naye huukaza au huulegeza uzi wake mnene ufuate makamu. Hakuna aliyepata kusimama ukumbini akawaita hao walaghai. Mtu angefanya hivyo angetolewa nje, na si kwa upole.

Nje ya pwani hii ushahidi ni mwingi pia. Wenyeji wa Hawaii, walipoletewa gitaa na wachunga ng'ombe waliotoka upande wa Mexico katika karne ya 19, walizilegeza nyuzi zake wakazaa muziki wao mzima, ambao hata jina lake kwa lugha yao linatokana na kulegeza. Keith Richards wa Rolling Stones aliung'oa kabisa uzi wa 6, akazilinganisha tano zilizobaki ziwe G, D, G, B, D, na kutoka hapo zikatoka "Honky Tonk Women" mwaka 1969 na "Start Me Up" mwaka 1981. Anayezipiga nyimbo hizo kwa mlingano wa kawaida hushangaa mbona sauti yake haina ule mkwaruzo wa Richards, akaenda kununua gitaa jingine la bei kubwa zaidi.

Ama Joni Mitchell, huyo ni hoja peke yake. Alipata ugonjwa wa kupooza akiwa na miaka 9, mkono wake wa kushoto ukabaki dhaifu. Mikao ya vidole ambayo vitabu hufundisha ilikuwa mizito kwake, akaamua kuzigeuza nyuzi zenyewe mpaka zitoe kwa kidole kimoja au viwili kile alichokisikia kichwani. Katika maisha yake ametumia milingano zaidi ya 50. Je, huo ni wepesi? Kama ni wepesi, basi walioshika njia ngumu na wajitokeze waoneshe walichotunga kinachofikia kutengeneza wivu kwa santuri ya Blue ya mwaka 1971.

Lakini kwa hakika dadgad si wepesi hata kidogo, na hili ndilo wanaoita ulaghai hawalijui. Mtu aliyepiga gitaa kwa miaka 20, akizilegeza nyuzi hizo tatu, hurudi utotoni papo hapo. Mikao yote iliyokuwa mkononi mwake hutoa kelele. Mahali alipokuwa akiipata C hapana C tena. Hulazimika kusikiliza kabla ya kubonyeza, jambo ambalo pengine hakulifanya tangu mwaka wake wa kwanza. Wapo wanaokasirika wakazikaza nyuzi zao upesi kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Hasira hiyo huitwa baadaye msimamo.

Mlingano huu ulitoka wapi? Swali hili nalo limezaa uongo, na safari hii uongo unatoka upande ambao ungetarajiwa kuujua ukweli.

Aliyeueneza ni Davy Graham, mpiga gitaa aliyezaliwa Uingereza mwaka 1940 kwa baba wa Skoti na mama wa Guyana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alisafiri hadi Tangier, nchini Moroko, akawasikia wapiga udi wa huko na akataka kupiga pamoja nao. Gitaa lake lilimgomea. Mlingano wa kawaida, kwa zile E zake mbili na ile B, ulikuwa ukimvuta kila mara kwenye mikusanyiko ya sauti ya Kizungu ilhali wenzake walikuwa wakitembea juu ya uzi mmoja unaonguruma. Akazilegeza nyuzi. Aliporudi London aliitumia hali hiyo mpya kwa tuni ya Kiayalandi, "She Moved Through the Fair", na rekodi yake ilitoka mwaka 1963. Page aliisikia. Mwaka 1967, akiwa na Yardbirds, alitoa "White Summer", ambayo ni mtoto wa ile tuni bila ya kificho. Mwaka 1969, katika santuri ya kwanza ya Led Zeppelin, alitoa "Black Mountain Side" kwa mlingano huo huo na kwa jina lake mwenyewe, ingawa Bert Jansch alikwisha kurekodi "Blackwaterside", wimbo wa mapokeo wenye mpangilio wa gitaa uliofanana mno na huo, mwaka 1966. Kisha "Kashmir", mwaka 1975, katika santuri ya Physical Graffiti. Watunzi walioandikwa ni Page, mwimbaji Robert Plant na Bonham. Jina la Graham halimo, na kwa sheria halikupasa kuwamo, maana hakuna sheria ya kumiliki mlingano wa nyuzi. Graham alifariki mwaka 2008. Walioujua wimbo wakati huo walikuwa mamilioni. Waliolijua jina lake walikuwa wachache, na wengi wa wachache hao walikuwa wapiga gitaa.

Maneno ya wimbo nayo yalimjia Plant mwaka 1973 katika njia ndefu ya jangwani, kusini mwa Moroko. Kashmir yenyewe haikuhusika. Kwa hiyo wimbo una jina la bonde la Himalaya, jangwa la Moroko, na mlingano uliozaliwa Tangier kwa sababu ya udi. Mwalimu anayeufundisha kwa mlingano wa kawaida huufuta mji mmoja kati ya hayo, na ndio mji uliouzaa.

Hapo ndipo baadhi ya wapenzi wa taarabu huruka kwa furaha na kutangaza kwamba dadgad ni mlingano wa udi, kwamba Wazungu wameiba, na kwamba "Kashmir" kwa hivyo ni yetu. Furaha hiyo inaeleweka, lakini haina msingi. Udi haulinganishwi kwa D, A, D, G, A, D. Nyuzi za udi, zilizopangwa jozi jozi, aghalabu hupishana kwa hatua ya nne, uzi baada ya uzi, na mpangilio huo haufanani na wa Graham. Shingo ya udi haina vituo, na kwa sababu hiyo mpigaji huweza kuzishika zile robo sauti ambazo makamu kama rasti na bayati haziwi bila yake. Gitaa lina vituo vya chuma vilivyopigiliwa shingoni. Robo sauti hailiingii kwa urahisi. Graham hakuuchukua mlingano wa udi. Aliligeuza gitaa lipate adabu ya kukaa karibu na udi bila ya kuupigia kelele. Hizo ni kazi mbili tofauti, na hiyo ya pili ni ya heshima zaidi. Mgeni aliyekuja akavaa kanzu ya mwenyeji si sawa na mgeni aliyekuja akanyamaza kwanza ili asikie yanayosemwa.

Isitoshe, udi wa Unguja haukupita Tangier. Masimulizi mashuhuri ya taarabu huanzia kwa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na kwa Mohamed bin Ibrahim aliyepelekwa Misri kujifunza. Na kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kiliirithi njia hiyo ya Kairo. Kati ya udi huo na ule uliomfundisha Graham kuna undugu wa mbali, kama wa watu wa kabila moja waliopelekwa na pepo tofauti. Kudai zaidi ya hapo ni kujitafutia ujombani usio wako.

Walakini liko jambo ambalo msikilizaji wa pwani anaweza kulidai bila ya aibu. Katika bashrafu, fidla, kanuni, udi na nai hufuata tuni moja kwa pamoja, kila ala ikiipamba kwa namna yake. Hazirundiki sauti tofauti moja juu ya nyingine kama ifanyavyo kwaya ya Kizungu. Sikio lililolelewa humo halikai likingoja ile sauti ya tatu ije ikate hukumu. Linajua kuketi juu ya sauti moja inayonguruma na kufuata ngazi zinazopanda na kushuka juu yake. Sikio hilo likiletewa "Kashmir" katika mlingano wake wa haki, zile fidla na tarumbeta zinazoijaza sehemu kubwa ya wimbo hazilishangazi. Kijana wa Mji Mkongwe ana urithi wa kumsaidia kuufahamu wimbo huu kuliko ule wa rika lake wa Birmingham, nao walimu wa njia ya mkato humtaka auache mlangoni. Na wale wazee wanaoziba masikio wakisema roki ni vishindo vitupu, wangeambiwa tu wasikilize ile ngazi ya kutoka A hadi C, wasahau ngoma kwa dakika moja, pengine wangeuliza ni kikundi gani cha Kairo. Mwaka 1994 Page na Plant waliurekodi upya wimbo huu pamoja na wapiga ala wa Misri wakiongozwa na Hossam Ramzy, na Wamisri hao hawakuonekana kama wageni waalikwa.

Ubaya mwingine wa njia ya mkato hauonekani leo, utaonekana kesho. Mlingano usipofundishwa hupotea, na ukipotea wimbo hubaki kama nyumba isiyo na ufunguo. Nick Drake, Mwingereza aliyefariki mwaka 1974 akiwa na miaka 26, alitunga nyimbo zake nyingi kwa milingano aliyojibunia na hakuacha daftari la kuieleza. Wapigaji waliomfuata walilazimika kukaa na santuri zake kwa miaka, wakikaza na kulegeza, wakisikiliza ni uzi gani unalia bila ya kubanwa. Na kundi la Sonic Youth la New York, lililokuwa na magitaa kadhaa, kila moja na mlingano wake na nyuzi zake, liliibiwa gari la ala mwaka 1999. Baadhi ya nyimbo ziliondoka na wezi, kwani hapakuwa na gitaa jingine la kuzipigia. Anayesema mlingano ni jambo la pembeni angewaeleza watu hao walipoteza nini usiku ule.

Yale majedwali ya namba, yenye mistari 6 na tarakimu za vituo, yasidhaniwe kuwa dawa. Namba humwambia mtu pa kuweka kidole. Haimwambii anachopaswa kusikia. Jedwali lililoandikwa kwa dadgad likipigwa kwenye mlingano wa kawaida, mpigaji huwa mtiifu kwa kila tarakimu na mkosefu kwa kila sauti. Wanafunzi wengi wamepita humo, wakajilaumu kwamba hawana kipaji, ilhali aliyelinakili jedwali ndiye aliyeusahau mstari mmoja wa juu.

Haki itendwe: yuko mpigaji asiye na lawama. Ni yule anayepiga hotelini usiku kwa gitaa moja, mgeni mmoja akaomba wimbo huu na wa pili akaomba mwingine, na baina ya nyimbo mbili ana nusu dakika. Huyo hawezi kuzigeuza nyuzi kila mara, na nyuzi zilizogeuzwa kwa haraka hazitulii. Huteleza, na wimbo unaofuata ukaharibika. Apige atakavyoweza, alipwe, aende nyumbani. Lawama ni za mwalimu, ambaye ana mwezi mzima na mwanafunzi wake na bado humpa alichopewa mgeni wa hotelini.

Kwani kazi yenyewe ni ndogo kiasi gani? Haihitaji hata kile kipimio cha umeme ambacho siku hizi hubandikwa kwenye kichwa cha gitaa. Kila uzi kati ya zile tatu una mwenziwe ambaye hakuguswa. Uzi wa 6 hulegezwa huku wa 4 ukipigwa, mpaka D mbili, nene na ya kati, ziache kugombana zikawa kitu kimoja chenye umri mbili. Uzi wa 2 hulegezwa huku wa 5 ukilia, A kwa A. Uzi wa 1 humalizia kwa ule wa 4 tena, D kwa D. Sikio hufanya yote. Zikigombana husikika wimbi linalodunda, kasi mwanzoni, kisha polepole, kisha likatoweka. Na mwanafunzi aliyelisikia wimbi hilo likitoweka kwa mkono wake mwenyewe amekwisha kujifunza zaidi ya alichoandikiwa katika kurasa kumi za kitabu. Nyuzi zilizolegezwa huendelea kuhama kwa muda, hivyo zirudiwe mara mbili tatu. Uzi wa 6 ukilegea huweza kutetema dhidi ya vituo ukipigwa kwa nguvu. Mkono wa kulia upunguze ghadhabu, au, kwa atakayeliacha gitaa hivyo kwa miezi, uwekwe uzi mnene zaidi.

Kisha, kabla ya kipande kikuu na kabla ya namba zozote, siku kadhaa za kupiga nyuzi wazi tu na kupandisha ile ngazi moja ya A hadi C juu ya D, mguu ukihesabu nne na mkono ukihesabu tatu. Mkono utaukosea mguu mara nyingi. Siku utakapoacha kuukosea, namba zitakuwa hazihitajiki sana. Na wakati wa kuzirudisha nyuzi katika mlingano wa kawaida, zikazwe polepole, ule mwembamba ukiachwa mwisho, maana huo ndio unaokatika.